Wawindaji mlioko Marekani: fezanti wananigunduaje kabla sijawafikia?

Mnyamwezi_Ughaibuni:
Wakuu, salaam. Nipo South Dakota. Jamaa wa kazini wamenivuta kwenye kuwinda fezanti, wale ndege jamii ya kwale walioletwa kutoka Asia, jogoo ana pete nyeupe shingoni na mkia mrefu. Leseni ninayo, shotigani ninayo, mbwa sina. Shida ni kwamba nikiingia kwenye nyasi nakuta nyayo tu kwenye theluji, zimenyooka hadi ng'ambo ya shamba. Nikibahatika kumwona, ameshakurupukia mbali, risasi haimfikii. Wananisikia, wananiona au wananinusa? Na wanafikiwaje?

Kichuguu:
Pua usiihangaikie mkuu, ni masikio na macho. Kwanza niambie, gari unaacha wapi? Ukipaki pembeni ya nyasi ukabamiza mlango, umeshapiga mbiu ya mgambo. Paki mbali, sukuma mlango taratibu mpaka ushike, na usifunge kwa rimoti ile inayolia piii. Na msipige soga! Sauti ya mtu inawatimua kuliko nyasi zinazochakarika.

Bibi Shamba:
Naongezea. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote bila kugeuka. Ndege pia wana vihisio miguuni vinavyonasa mtikisiko wa ardhi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walisimulia kuhusu fezanti waliokuwa wakiwika mizinga ikilia mbali sana. Sasa wewe na mabuti yako juu ya theluji iliyoyeyuka ikaganda tena, kro kro kro, unategemea nini? Subiri theluji mpya, ile laini, inameza kishindo.

Mnyamwezi_Ughaibuni:
Duh. Kwa hiyo ninyate mwanzo mwisho?

Jirani wa Iowa:
Hapana, hapo sikubaliani na wenzangu. Fezanti si digidigi wa kuvizia. Huyu silaha yake ni miguu, kuruka ni mpaka abanwe. Ukitembea mwendo uleule, uwe kimya usiwe kimya, anakupigia hesabu na kukutangulia tu. Ingia kimya, sawa, ila ukishakuwa ndani tembea kwa kukatakata: hatua kadhaa, simama nusu dakika, pinda kushoto, simama tena. Ukisimama anadhani umeshamwona, roho inamruka, naye anaruka. Wengi wamenitokea nyuma kabisa, mahali nilipokwisha kupita.

Halafu swaga kuelekea nyasi zinapoishia, kwenye mtaro, barabara au shamba lililolimwa. Hapo hataki kukimbia peupe. Upepo ukupige usoni ili kishindo chako kibaki nyuma. Baridi ikikaza, achana na nyasi fupi, watafute kwenye matete ya madimbwini.

Kanga Mweusi:
Kanga wa huku Tabora naye hivyohivyo, mbio kwanza, mabawa baadaye. Mkuu ukimpata, picha ya mchuzi tafadhali.

Kichuguu:
Jirani kanena. Ila kumbuka ni majogoo tu, watatu kwa siku, na huko kwenu risasi ya kwanza ni saa nne asubuhi. Tetea ni wa rangi ya majani makavu. Jua likiwa machoni mwako subiri usikie, maana jogoo akikurupuka mara nyingi anapiga kelele.

Mnyamwezi_Ughaibuni:
Shukrani wakuu. Jumamosi mwenzangu atasimama kule mwisho, mimi niswage. Aingie saa ngapi?

Jirani wa Iowa:
Akutangulie, azunguke kwa mbali kwa miguu, simu aizime. Wote vaeni rangi ya chungwa, na kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Ndege akiruka chini chini kuelekea kwake, mwache aende.