Mvuto wa wanawake hubadilika zaidi: ni maumbile, au wanaume wanaogopa kusema?

Wadau, mwaka 2000 mwanasaikolojia wa Marekani, Roy Baumeister, alidai kuwa elimu, dini na marafiki huathiri mvuto wa kimapenzi wa wanawake kuliko wa wanaume. Baadaye Lisa Diamond wa Chuo Kikuu cha Utah aliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake ambao tayari walivutiwa na wanawake wenzao. Takriban theluthi mbili walibadilisha, angalau mara moja, namna wanavyojitambulisha. Basi watu wakahitimisha: mwanamke hubadilika, mwanamume kazaliwa alivyo.

Mimi sikubali upesi hivyo. England na Wales ziliwafunga wanaume waliolala na wanaume hadi 1967, ila wanawake hawakuwahi kuwekewa sheria hiyo. Ilipopendekezwa mwaka 1921, House of Lords, baraza la juu la Bunge la Uingereza, walikataa, eti kulitaja jambo hilo kungewafumbua macho wanawake wasiolijua! Kenya nayo ilirithi sheria za mkoloni, na kifungu cha 165 cha Kanuni ya Adhabu kinataja wanaume peke yao. Mtu ambaye jibu lake linaweza kumfunga, utampa dodoso kisha useme hisia zake hazibadiliki?

*

Na mapacha je? Utafiti wa Sweden wa 2010 ulikuta urithi wa vinasaba unaeleza asilimia 34 hadi 39 ya tofauti baina ya wanaume katika kulala na wa jinsia yao, lakini 18 hadi 19 tu kwa wanawake. Sweden hakuna anayefungwa kwa hilo. Damu ni damu, ndugu yangu.

*

Hafungwi, lakini kuchekwa je? Halafu kiwango cha urithi hupimwa ndani ya mazingira fulani. Yakibadilika, nacho hubadilika. Diamond mwenyewe alipowachunguza wanaume alikuta pengo dogo kuliko alivyotarajia.

*

Nyote mnachanganya mambo: jina analojipa mtu, anachofanya, na kinachomvuta. Diamond alihesabu majina. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba wa 2019, watu karibu nusu milioni, uliuliza kama mtu amewahi kulala na wa jinsia yake. Haukupata kinasaba kimoja cha kuamua. Utamaduni unaweza kumbadilishia mtu jina na matendo kwa urahisi. Mvuto wenyewe ni habari nyingine, na hata unapobadilika, Diamond anasisitiza kwamba mhusika hakuchagua. Kwa hiyo wanaosema "kama hubadilika, basi aubadilishe" wasimtumie Diamond kama shahidi wao.