Tupeane uzoefu: mambo tuliyofanyiwa leba bila kuelezwa sababu

Mama Nasra: Ndugu zangu, mdogo wangu amejifungua juzi mtoto wake wa kwanza, na aliyonisimulia yamenirudisha leba ya kwangu. Aliambiwa kwamba mzazi wa kwanza lazima aongezewe njia ya kutokea mtoto, akachanwa bila kuulizwa wala kuelezwa. Naomba tuelezane: nini ulifanyiwa kwa sababu tu kila mzazi hufanyiwa hivyo?

Binti Kondoa: Mimi nilishonwa ganzi ikiwa haijashika. Nilipolalamika niliambiwa nitulie.

Mama Zawadi: Nilifika usiku njia ikiwa imefunguka sentimita nne, nikalazwa chali, na kila nilipogeukia ubavu nilirudishwa. Chupa yangu ya uji iliwekwa chini ya kitanda kwa maelezo kwamba huenda nikapelekwa upasuaji, ingawa hakuna aliyekuwa ameona dalili yoyote ya upasuaji. Alfajiri, midomo ikiwa imekauka na nguvu za kusukuma zimeniishia, muuguzi alipanda kwenye kingazi cha kitanda, akaweka kigasha juu ya tumbo langu, chini kidogo ya mbavu, akakandamiza kwa uzito wake wote. Mwanangu alitoka amelegea, hakulia, wakamkimbiza mezani kumpa hewa kwa mfuko, nami nikabaki natazama migongo yao mpaka niliposikia sauti yake. Yuko shule sasa, mzima kabisa. Hadi leo hakuna aliyeniambia kwa nini nilikandamizwa.

Mama Nasra: Pole sana, dada yangu. Nimesoma huku nalia.

Binti Kondoa: Huyo muuguzi alichukuliwa hatua gani?

Baba Ilham: Tuwe waadilifu. Usiku muuguzi mmoja anahudumia wadi nzima, wengine wanalala wawili kitanda kimoja, halafu tunataka kila mzazi achague mkao wake?

Mama Zawadi: Kaka, uhaba wa wauguzi ninaujua, maana niliuona kwa macho yangu. Hebu nieleze, kuninyima uji kulimpunguzia kazi gani?

Mkunga Mstaafu: Poleni, wanangu. Kuchana kila mzazi wa kwanza kulifundishwa kwa imani kwamba kunazuia mchaniko mkubwa, lakini mkutano ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani huko Fortaleza, Brazil, mwaka 1985 ulikwisha kutamka kwamba hakuna sababu ya kumchana kila mtu, wala ya kumnyoa au kumpiga bomba la kusafisha tumbo kabla ya kujifungua. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2018 haupendekezi kukandamiza tumbo ili kumtoa mtoto. Unasema pia kwamba mzazi asiye na hatari anywe na ale, atembee, achague mkao, na awe na mtu wake wa karibu. Hata hivyo, mapigo ya moyo ya mtoto yakishuka wakati kichwa kiko mlangoni, mkunga huchana haraka, na hapo maelezo huwa mafupi.

Baba Ilham: Hilo la mwisho ndilo nililokuwa nikilitetea.

Mama Zawadi: Na mimi silipingi, ila maelezo mafupi si sawa na kutoelezwa kabisa.

Mama Pili: Ushauri wangu ni kunyamaza, kufuata unachoambiwa na kurudi nyumbani na mwanao.

Binti Kondoa: Hapana, mama. Uliza kliniki mapema, kabla uchungu haujaanza, nao waandike kwenye kadi.

Wifi wa Tanga: Pale wanaporuhusu msindikizaji, nenda na shangazi mwenye sauti. Wangu alisimama kando ya kitanda, na kila jambo lilielezwa mara mbili.

Mama Nasra: Mkunga, mdogo wangu nyuzi zinamuuma na anaogopa kwenda haja kubwa. Afanye nini?

Mkunga Mstaafu: Aoshe kwa maji safi kila atokapo chooni, abadilishe pedi mara kwa mara, anywe maji mengi, ale mboga na matunda ili choo kiwe laini. Ameze dawa ya maumivu aliyoandikiwa. Akiona usaha, harufu mbaya, nyuzi kuachia, homa au damu nyingi, arudi hospitali siku hiyo hiyo, na wewe uende naye.