Dosa za bei ya kawaida Kampala? Namleta mama mkwe, hali nyama

wa_musoma_ntinda
Habari zenu wakuu. Mi nafanya kazi hapa Kampala mwaka wa tatu sasa, naishi Ntinda. Mama mkwe anakuja kutoka Musoma wiki ijayo kutusalimia, ni Msabato yule wa kweli kweli, nyama aliacha zamani, kuku hataki, samaki hataki, na mi kila nikiwaza pa kumtoa hapa mjini naona muchomo tu, yaani nyama choma, kila kona. Mwenzangu kazini kaniambia jaribu Wahindi wa kusini, wale wana migahawa ya mboga tupu hata yai haliingii jikoni, chakula chenyewe kinaitwa dosa. Sasa chakula cha Kihindi ninachokijua mimi ni sambusa na chapati basi. Tutakuwa watu wazima watatu na watoto wawili, nina laki moja ya Uganda na siwezi kuzidisha maana mshahara bado, itatosha? Na niagize nini ambacho mama wa miaka sitini na kitu atakula asinikunjie uso? Pilipili hawezi kabisa. Jumamosi hapana, sababu mnaijua.

BintiKisauni
Ndugu yangu usiogope, dosa we mwambie mama ni mkate wa kumimina uliokonda. Mchele na choroko nyeusi iliyokobolewa vinarowekwa, vinasagwa, vinalala usiku kucha mpaka vichachuke, asubuhi unamimina kwenye chuma. Sisi Mombasa vibibi na vitumbua si mchele wa kuroweka vilevile, ila tunatia nazi na hamira na sukari, wao hamira hawana habari nayo, inaumuka yenyewe. Kama mmeshakula injera kwa Waethiopia kule Kabalagala ule uchachu mnaujua, huu ni mdogo zaidi.

Inakuja na chatini ya nazi na bakuli la sambar, nao ni mchuzi wa mbaazi na ukwaju na mboga. Ukikuta vijiti vya kijani humo ndani usitafune kizima kama mimi siku ya kwanza, ni maganda ya mlonge, unakamua nyama ya ndani kwa meno ganda unaliweka pembeni.

Masala dosa ndo ina viazi vya manjano ndani, na kitunguu na haradali, hiyo agizeni wewe na mkeo. Watoto wachukulie dosa tupu moja wagawane, sehemu nyingine wanaisimamisha kama kofia ya sherehe, watasahau hata simu. Mama mpe idli, ni unga uleule karibu ila umepikwa kwa mvuke, laini, mafuta hakuna. Mi mara ya mwisho masala dosa nililipa 15,000 na sahani ya idli 10,000, kwa hiyo laki inatosha na nauli ya kurudi inabaki. Jina la mahali nakutumia inbox, sitaki kuonekana napiga promo.

nyabo_wa_jinja
Banange 15,000 kwa chapati ya mchele mnaita bei nafuu, mi kwa hela hiyo Wandegeya nakula rolex tano, zile chapati za kuviringishiwa mayai, na soda. Haya lakini mgeni ni mgeni.

Kitu cha kwanza, uliza kabla hujakaa kama bei za menyu zina VAT ndani. Mi kuna mahali nimekula na dada zangu tumepiga hesabu vizuri kabisa kichwani, risiti inakuja ile ya URA, wale watu wa kodi, na 18% imekaa pale chini inatuangalia, tukaanza kuchangishana sarafu mezani bambi, aibu mpaka leo sipiti mtaa ule.

Cha pili, Wahindi wengi wa Uganda asili yao ni Gujarat siyo kusini. Babu yangu alikuwa karani kwenye duka la Mgujarati pale Jinja mpaka 1972 Amin alipowapa siku 90 waondoke, alikuwa anatuhadithia dengu ya kwa bosi wake ilikuwa na sukari guru. Ni chakula kitamu sana kile, ila kuna sehemu wanakupikia sambar kwa mkono huohuo inakuwa kama juisi ya ukwaju. Onja sambar kwanza, ikiwa na utamu wa kuzidi ujue mpishi siyo wa huko kusini.

Cha tatu samahani lakini lazima niulize, wewe unakaa meza moja na mama mkwe wako??? Hapa Buganda mkwe na mama mkwe hata kukutana uso kwa uso kwenye korido ni kesi.

wa_musoma_ntinda
@nyabo_wa_jinja hahaha hata kwetu wazee walikuwa hivyohivyo, lakini huyu mama ndo kasema mwenyewe yeye hana muda huo, anataka kuona mkwe anakula nini. Nitakaa upande wa watoto basi.

@BintiKisauni asante sana, inbox nimeiona. Hivi kuna mtu kaniambia nisiache ile kahawa yao ya maziwa, inakujaje?

BintiKisauni
Kahawa ya kuchuja, inakuja na kikombe cha chuma ndani ya kibakuli cha chuma, unaimimina huku na huku mpaka ipoe na itoe povu. Wanachanganya na chikori, mzizi fulani uliokaangwa na kusagwa, ndo maana ina uzito ule. Lakini we si umesema Msabato? Kahawa atakunywaje? Agiza yako siku nyingine ukiwa peke yako.

jiko_la_nyuma
Nimesoma nikaona niseme maana nimekaa miezi tisa jikoni kwenye mgahawa wa namna hii hapahapa mjini, kazi yangu kuosha na kukata vitunguu, mpishi wa dosa alikuwa Mtamil mmoja haongei sana.

Alikuwa ananyunyiza maji kwenye chuma anasikiliza. Kweli, anasikiliza mlio. Yakiruka na kukauka mara moja anapaka mafuta kwa nusu kitunguu alichokichoma kwenye uma, anafuta, ndo anamimina upawa mmoja katikati na kuzungusha kwenda nje bila kurudi nyuma. Mi nilijaribu siku moja chuma kikiwa moto sana, uji ukaganda palepale ukanifuata kwenye upawa, nikapata kitu kama soksi iliyochanika. Akanionyesha, yale maji siyo ya kupima moto tu, yanapunguza moto ili uji uteleze kabla haujaiva. Na hapa Kampala baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilikuwa inamtesa, uji unalala hauumuki, alikuwa anahamishia sufuria karibu na jiko kama anatunza vifaranga.

Kwa mama asiyetaka pilipili nasema hivi, sambar huwezi kumwambia mpishi aitoe pilipili, imeshapikwa asubuhi sufuria nzima. Rasam usimguse nayo kabisa, ile ni supu ya pilipili manga na ukwaju, atakohoa mpaka Musoma. Muagizie wali wa mtindi. Ni wali laini umevurugwa na maziwa ya mtindi, juu wanakaangia haradali na majani ya kari kidogo, na kama wanatia pilipili mbichi mwambie muhudumu mapema, hiyo inaandaliwa sahani kwa sahani inawezekana. Watu wa Mara na maziwa mgando nawajua nyie.

Mkienda mchana ulizeni kama chuma cha dosa kimewashwa, sehemu nyingine mchana ni thali tu. Thali ni sinia la wali na vibakuli, na kwingine unaongezewa mpaka useme basi, kwa mtu mwenye njaa ndo hela yako inarudi hapo, ila kwa mama mzee na watoto mtaacha nusu.

boda_mstaafu
Na msibebe takeaway!! Mi nilikuwa napeleka hizi vitu na boda, dosa ikiingia kwenye kavera, mfuko wa plastiki, dakika kumi tayari ni kitambaa cha kudekia. Mteja mmoja wa Kololo alikuwa ananilaumu mimi kila wiki eti nimekaa na chakula chake, jam ya Jinja Road nimeileta mimi?

wa_musoma_ntinda
Wakuu narudisha majibu. Tumeenda Jumapili saa moja jioni. Masala dosa mbili, dosa tupu moja, idli, wali wa mtindi, vada zile bajia zenye tundu katikati, na juisi na maji, ikaja 80,000. VAT nilishauliza mlangoni (nyabo Mungu akubariki) ikawa 94,400, nikalipa nimenyoosha mgongo.

Mama idli aliiangalia akaibonyeza kwa kidole ikarudi, akasema "hivi si andazi lililonyimwa mafuta?" Akachovya kwenye sambar akapiga chafya, akaiweka chini. Nikaona haya, yameanza. Wali wa mtindi ulipokuja akavuta sahani kwake na hakuirudisha katikati tena, mtoto kapeleka kijiko kapigwa mkono. Akamaliza ndo akauliza ugali uko wapi, mke wangu akacheka mpaka juisi ikamwagika. Halafu zile idli akazirudia na chatini ya nazi tupu bila mchuzi, akala zote mbili kimya kimya kama hatumuoni.

Sasa shida imehamia kwingine. Anaondoka kesho alfajiri na anataka kubeba hiyo choroko nyeusi kilo mbili, anasema atakwenda kuwapikia kina mama wa kanisani. Nimezunguka maduka matatu Ntinda wananipa choroko za kijani tu. Wapi naipata leo kabla hawajafunga?

jiko_la_nyuma
Soko la Nakasero, yale maduka ya viungo ya Wahindi, sema "urad" watakuelewa. Chukua iliyokobolewa, nyeupe. Yenye ganda jeusi ukimpa atakesha anaiosha. Na uwatu kidogo, kijiko kimoja kwenye kurowekea, mwambie asisahau.

wa_musoma_ntinda
Niko kwenye boda tayari