EJ205: busti kutoka 0.8 hadi 1.4, nianze kuimarisha wapi?

Bokseri_wa_Arusha

Wakuu, habari za jioni.

Gari ni Subaru Impreza WRX GDA ya soko la Japan, injini EJ205, gia ya mkono ya 5. Busti ya sasa (msukumo wa hewa ya turbo juu ya hewa ya nje) ni bar 0.8 hivi. Turbo ya TD05-16G ipo, intakula ya mbele (kipoza hewa ya turbo) ipo, downpipe ya inchi 3 (bomba la ekzosi linalotoka kwenye turbo) imeshafungwa. Lengo ni bar 1.4, nguvu za farasi kama 330 kwenye kranki. Ni gari la kila siku hapa Arusha, na mara mojamoja linateremka Tanga.

Mafundi watatu, majibu matatu. Wa kwanza anasema niweke stadi za ARP (boliti imara za kubana hedi) na gasketi ya chuma kwenye silinda hedi, bloku isiguswe. Wa pili anasema bila pistoni na konrodi za foji (za chuma kilichofuliwa) haimalizi mwezi. Wa tatu anataka bloku izibwe juu kwa sababu ya EJ205 iko wazi, slivu (kuta za silinda) zinasimama bila kushikwa upande wa hedi.

Nani yuko sahihi, na kazi ianzie wapi? Naomba vipimo, si "inategemea".

---

Silinda_Nne

Mkuu, wa pili yuko karibu na ukweli kuliko wenzake, ila hata yeye karuka hatua. Kwanza ujue hali ya injini uliyonayo.

Pima kompresheni injini ikiwa na moto, plagi zote nje, kanyagio la mafuta hadi chini. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi asilimia 10. Usilinganishe namba zako na za Mombasa au Dar, huko Arusha juu geji husoma chini kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi. Kisha pima uvujaji kwa kujaza upepo wa kompresa kila silinda: chini ya asilimia 10 ni nzuri, ikikaribia 20 usiongeze busti hata kidogo. Sikiliza upepo unatokea wapi. Ukisikika kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi au pistoni, kwenye ekzosi ni valvu, na mapovu kwenye radieta ni gasketi.

Silinda ya kuangalia kwa jicho kali ni ya 4, ya nyuma upande wa kushoto wa gari. Ndiyo inayotangulia kufa kwenye EJ za turbo. Pistoni za kiwandani ni za kumiminwa kwenye kalibu, ngumu lakini kavu kama kigae. Ule ukuta mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili unapasuka, moshi wa bluu unaanza, oili inasukumwa kwenye mipira ya kupumulia.

Na tuelewane kwenye neno. Mtaani tukisema injini "imenoki" tunamaanisha beringi ya konrodi imeisha. Kinachopasua pistoni ni kitu kingine: petroli iliyobaki kwenye chemba inalipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huo ndio mlipuko wa mapema, na mara nyingi husikii chochote ukiwa ndani ya gari. Bar 1.4 isiyo na mlipuko wa mapema haina madhara kama bar 0.9 inayolipuka.

---

Mchonga_Bloku

Naongezea ya ndani ya bloku.

EJ205 ya Japan ina kompresheni ya 9.0 kwa 1, na kompyuta yake ilipangwa kwa petroli ya Japan ya oktani 100. Petroli yetu haifiki huko. Kwa hiyo unaponunua pistoni usichague nguvu tu, shusha na kompresheni. Chukua 8.5. Ukishuka hadi 8.0 inakubali busti zaidi, lakini gari litakuwa zito kabla turbo haijaamka, na hilo ndilo gari lako la kwendea sokoni.

Pistoni za foji, kwa maana ya kufua chuma, si za kufoji. Ingawa hizo za kufoji nazo zimejaa, maboksi mazuri kabisa. Pima kila pistoni kwa maikromita na kila moja kwa mizani kabla ya kulipa. Kuna aloi mbili: 4032 ina silikoni nyingi, inatanuka kidogo, inakaa kimya asubuhi. 2618 inavumilia mateso zaidi lakini inatanuka sana, hivyo inahitaji nafasi kubwa na itagongagonga mpaka ipate moto. Kwa 1.4 ya barabarani 4032 inatosha.

Kipenyo cha silinda kinatoka milimita 92 kwenda 92.5. Nafasi kati ya pistoni na ukuta: 4032 karibu milimita 0.05, 2618 kati ya 0.07 na 0.09. Karatasi ya mtengenezaji wa pistoni ndiyo yenye neno la mwisho. Sharti moja halina mjadala: honingi (kusugua ukuta wa silinda hadi kipimo) ifanyike bati nene la torki likiwa limefungwa juu ya bloku. Bloku ya EJ ni aluminiamu, ukikaza hedi silinda inavutwa na kuacha kuwa duara. Ukihoni bila bati utapata silinda duara mezani na ya yai ndani ya gari.

Pengo la ringi, hapa ndipo pistoni nyingi mpya hufia. Watu wanafunga ringi zilivyotoka kwenye boksi. Kwa silinda ya 92.5 na busti yako, ringi ya juu iwe milimita 0.46 hadi 0.50, ya pili 0.50 hadi 0.55. Ringi ikipata moto inarefuka. Ncha mbili zikikutana hazina pa kwenda, zinakwaruza silinda na kung'oa ule ukuta wa pistoni, kisha lawama inaenda kwa mtu wa tuning.

Konrodi: mizunguko ndiyo inayozivuta, busti inazikandamiza. Kinachozipinda ni torki kubwa kwenye mizunguko midogo, mfano gia ya 5 mlimani kwenye 2,000 umekanyaga hadi chini. Maadamu bloku imefunguliwa, weka za foji zenye boliti za ARP 2000, na boliti upime kwa kurefuka kwake, si kwa spana ya torki peke yake. Nafasi ya oili kwenye beringi za konrodi iwe karibu milimita 0.05, za kranki 0.06 au chini yake kidogo.

---

Bokseri_wa_Arusha

Shukrani sana wakuu. Kwa hiyo stadi na kuziba bloku niache? Fundi wa stadi anasema anaweza kubadili moja moja bila kushusha injini.

---

Mchonga_Bloku

Stadi weka, lakini hiyo ya moja moja mkatalie. Gasketi ya chuma yenye tabaka nyingi inataka uso uliochongwa laini kama kioo chenye ukungu. Juu ya uso wa zamani haishiki. Injini itoke, hedi na bloku zichongwe, ndipo stadi zifungwe. Stadi yenyewe unaizungusha kwa mkono tu mpaka ifike mwisho, kinachokazwa ni nati. Tumia grisi inayokuja na ARP, kwa sababu namba ya torki kwenye karatasi imepigwa kwa grisi hiyo. Ukipaka oili ya injini, msuguano unaongezeka, spana inalia "tayari" wakati hedi haijabanwa inavyotakiwa.

Utajuaje hedi inanyanyuka? Gari linatembea vizuri kutwa, halijoto iko katikati. Unakanyaga mlima mmoja kwa busti kamili, mpira wa juu wa radieta unakuwa mgumu kama fimbo, na kwenye chupa ya akiba maji yanapanda na mapovu. Ukiachia, kila kitu kinatulia. Hakuna moshi mweupe wala maji kwenye oili, na watu wanabadili thamostati mara tatu kabla ya kuelewa.

Kuziba bloku juu kwa pete za kupachika: kwa farasi 330 sioni haja. Pete zinapogongwa ndani zinasukuma slivu, kwa hiyo lazima kuchonga silinda kufuate baada yake, na si mafundi wote wanaofuata. Tena zikiziba njia za maji karibu na moto, umetengeneza sehemu ya kuchemka palepale juu ya silinda ya 4. Kama pesa ya kuziba ipo, afadhali uitafutie bloku ya EJ207. Hiyo imezibwa nusu tangu kiwandani.

---

Bara_na_Pwani

Kuna jambo halijaguswa na kwa mtu wa Arusha anayeteremka Tanga ni kubwa.

Arusha iko karibu mita 1,400. Hewa ya huko ina msukumo wa bar 0.86 hivi, pwani ni 1.01. Geji ya busti inasoma kilichozidi juu ya hewa ya nje. Ukiwa na kidhibiti cha mkono, kile cha skrubu kwenye kimpira, 1.4 itabaki 1.4 popote. Lakini silinda haisomi geji:

Arusha: 0.86 + 1.4 = 2.26
Tanga: 1.01 + 1.4 = 2.41

Yaani umeongeza msukumo halisi kwa zaidi ya asilimia 6 bila kugusa kitu, tena kwenye joto la pwani. Injini iliyotuniwa Arusha ikaonekana salama inaanza kulipuka mapema ikifika chini, na dereva anasema mafuta ya Tanga ni mabaya.

Upande wa turbo ni kinyume. Arusha inazidisha hewa mara 2.63, Tanga mara 2.39. Kwa hiyo ni huko juu ndipo turbo inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa ya moto zaidi. Dawa yake: solenoidi ya umeme inayoongozwa na kompyuta, lengo liwekwe kwa msukumo halisi. Weka kikomo 2.26. Arusha utapata 1.4, Tanga itakuwa 1.25, na silinda hazitajua kuwa mmesafiri.

Mafuta: injini ya turbo hunywa takriban cc 6 kwa dakika kwa kila farasi mmoja. 330 mara 6 ni 1,980. Gawa kwa 4, ni 495. Injekta isifanye kazi zaidi ya asilimia 85, kwa hiyo unahitaji injekta ya cc 582 au zaidi. Nunua za 650. Pampu ya lita 255 inatosha, lakini pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe gari likiwa kwenye mzigo. Waya za miaka 20 zinaweza kula volti 2 njiani, na pampu inadhoofika wakati busti iko juu kabisa. Vuta waya mpya na rilei yake.

Bomba la sensa ya hewa usibadilishe kipenyo kisha ukaendelea na programu ileile. Bomba likiwa pana, hewa inapita polepole mbele ya sensa, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inatoa petroli pungufu. Mchanganyiko uwe sehemu 11.0 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli kwenye busti kamili, usomwe na sensa ya waidibendi (inayopima mchanganyiko kwenye ekzosi). Busti kamili isilazimishwe chini ya mizunguko 3,500. Plagi za NGK zitoke namba 6 kwenda 7 (ya baridi zaidi), pengo milimita 0.7.

---

Silinda_Nne

Oili jamani, hamjaisema.

Bomba la kunyonya oili ndani ya sampu, lile la kiwandani, hupasuka pale lilipochomelewa. Likipasuka linanyonya upepo na beringi zinaisha ndani ya dakika chache. Weka lililoimarishwa. Pampu ya oili, hata ikiwa mpya kwenye boksi, ifungue mgongo wake: zile skrubu hulegea. Safisha, weka gundi ya nyuzi, kaza. Kama boliti ya bomba la oili la turbo ina kichujio kidogo ndani, hakikisha hakijaziba. Na weka kopo la kunasa mvuke wa oili, kwa sababu oili inayorudi kwenye intakula inashusha oktani ya mchanganyiko wote.

Ukikuta beringi ya zamani imekwaruzika na vumbi la shaba limetembea, kipoza oili kile kilichokaa juu ya filta usikioshe. Kitupe. Vipande vinajificha ndani na vinatoka siku ya kwanza ya injini mpya.

---

Mchonga_Bloku

Nyongeza ya kufunga, kwa kuwa EJ silinda zake zimelala, si kama injini za wima. Pini za pistoni zinaingizwa nusu mbili za bloku zikiwa tayari zimeshabanwa, kupitia matundu ya mbele na ya nyuma ya bloku. Fundi anasukuma pini kwa kijiti kirefu halafu anaweka klipu kwa kubahatisha na tochi. Klipu isipokaa kwenye mfereji wake, pini inatembea na kuchora silinda mstari mmoja wa urefu, na bloku imekwisha. Baada ya kila klipu aizungushe kwa bisibisi nyembamba. Ikizunguka bila kuruka, imekaa. Gundi kati ya nusu mbili iwe uzi mwembamba, ikizidi inamwagikia ndani na kuishia kwenye bomba la kunyonya.

---

Bokseri_wa_Arusha

Nimenakili yote. Naanza na vipimo Jumamosi, bloku itafunguka kwa vyovyote. Na gia ya 5 itahimili?

---

Bara_na_Pwani

Itahimili ukiingiza busti taratibu na ukiacha kuondoka kwenye taa kwa kuachia klachi ghafla. Gia ya 1 ndiyo inayomeguka meno, na ukibadili kwa pupa inafuata ya 3. Klachi yenyewe ya kiwandani itaanza kuteleza kabla hujafika 1.2, kwa hiyo iingie kwenye bajeti injini ikiwa bado iko chini.