Mjeledi unalia mara chache, na ncha inanirudia shingoni: nakosea wapi?

Mpini Mfupi:
Wakuu, salaam. Najifunza kualisha mjeledi, yaani kuufanya utoe mlio. Nilionao ni wa kamba ya nailoni iliyosukwa, futi 6 ukipima mpini na mkanda (ile kamba iliyosukwa), ulimi (kipande chembamba kinachofuata mkanda) sentimita 60, mwishoni kishungi cha nyuzi. Najaribu ule mpigo wa kawaida wa mbele: mkono juu, nyuma, mbele. Shida ni tatu. Mara nyingi haulii, na ukilia unalia nyuma yangu. Ncha inarudi kunigusa sikio au shingo. Na kishungi kinageuka manyoya haraka sana. Niongeze nguvu, au nitafute mrefu zaidi?

Fundi Mkanda:
Nguvu acha kabisa. Kinachozalisha ule mlio ni mkunjo unaokimbia kutoka mpinini kwenda nchani. Mkanda unazidi kuwa mwembamba, kwa hiyo mkunjo unazidi kushika kasi hadi unapita kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde. Wanahisabati Goriely na McMillen walilichambua hilo kihesabu mwaka 2002. Kazi yako ni kuutengeneza mkunjo tu; ukilazimisha kwa bega unauharibu.

Fanya hivi. Laza mjeledi mbele yako, umenyooka. Inua mkono bila haraka mpaka mpini uelekee juu, karibu na usawa wa sikio. Mkanda utapita juu na kuanza kunyooka nyuma. Kabla haujamaliza kunyooka, sukuma mkono mbele na chini kidogo, kama mtu anayepigilia msumari ukutani, kisha usimamishe mpini ukielekeza mbele.

Ukilia nyuma yako, umegeuza mkono mapema au kwa kushtuka. Ukikaa kimya na kuanguka kama kamba ya nguo, umechelewa: mkanda umeshalegea na hauna mvuto wa kukunja. Sikiliza ule mvumo wakati mkanda unakwenda nyuma; geuza unapoanza kufifia.

Reli Mbili:
Fundi kamaliza habari ya muda. Hiyo ya shingo ni habari ya njia. Jichoree reli ardhini upande wa mkono unaotumia, ikielekea mbele, kama sentimita 40 kutoka begani. Mkono uende nyuma juu ya reli hiyo na urudi juu ya reli hiyo hiyo. Wengi wanaanza vizuri, halafu wakisukuma mbele mkono unaingia ndani kuelekea kitovu. Mkanda nao unafuata, unakatiza juu ya kichwa, na sikio linalipa.

Kosa la pili ni kuvuta mkono nyuma mara tu unaposikia mlio. Hapo unaiita ncha irudi kwako. Mlio ukishatoka, acha mjeledi uendelee kushuka pembeni mwako hadi uguse chini.

Na kabla ya yote: miwani ya kukinga macho, kofia yenye ukingo, mikono mirefu, vizibo vya masikio. Mjeledi wako ukijumlisha na ulimi, kishungi na mkono unafika zaidi ya mita 3, kwa hiyo asisimame mtu wala mnyama ndani ya mita 7, nyuma ikiwemo.

Kitanzi:
Kishungi kuisha ni kawaida, ndicho kinachobeba kipigo chote. Kikiisha haraka mno, angalia unapopigia: zege na changarawe vinakila, vinakula na ulimi. Nenda kwenye majani.

Jifunze kukisuka mwenyewe. Chukua nyuzi za nailoni au poliesta za sentimita 90, kama nyuzi 8 za unene wa uzi wa kushonea viatu. Zikiwa nyembamba, ongeza idadi. Zinyooshe pamoja, zisokote kwa nguvu mpaka zianze kujikunja zenyewe. Shika katikati, kutanisha miisho miwili, achia: zitajisokota upande wa pili. Piga fundo kama sentimita 17 kutoka pale zilipokunjwa, kata kilichozidi ubaki na kama sentimita 20, na zile 3 zilizo baada ya fundo zichambue ziwe manyoya. Upande wa pili umebaki na kitanzi. Pitisha ncha ya ulimi ndani yake, izungushe nyuma ya shingo ya kitanzi, irudishe ipite chini yake yenyewe, kaza.

Futi Nane:
Mimi ningemshauri achukue wa futi 8. Mrefu unakwenda polepole, unampa muda wa kuona mkunjo.

Fundi Mkanda:
Kweli, Futi Nane, lakini unachosha kifundo cha mkono, na mkono uliochoka unatoka kwenye reli. Wa futi 4 ndio ningemkataza, una haraka mno. Futi 6 abaki nao.

Mpini Mfupi:
Asanteni sana wakuu. Na ule wa kuzungusha juu ya kichwa?

Reli Mbili:
Subiri kwanza wa mbele ulie mara 10 mfululizo bila kukugusa. Ukifika hapo: zungusha mkanda ulalo juu ya kichwa, mkono ukiwa umenyooka, kisha ugeuze mwelekeo ghafla. Mkono ukishuka hata kidogo wakati wa kugeuza, mkanda unashuka nao hadi usawa wa uso. Ukihisi umeshuka katikati ya mzunguko, usigeuze, acha ufe.