Mwanangu anasema ukuta nilioujenga karibu wote ni utupu. Nimjibu nini?

MwashiBusia:
Wandugu, salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni fundi mwashi, huu ni mwaka wa 27 nashika mwiko. Shule niliishia P7, darasa la saba. Kitinda mimba wangu yuko S6, mwaka wa mwisho wa sekondari, anasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), na mwalimu wake aliniita akaniambia huyu mtoto fizikia iko damuni.

Likizo hii nilikuwa naye saiti, ananikorogea simenti. Tukiwa tunakula posho na maharage, akaugonga ukuta kwa kidole akasema: "Baba, huu ukuta karibu wote ni utupu. Na chembe zinazouunda hazina mahali maalumu mpaka zipimwe." Hakuwa na dharau hata kidogo, alikuwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani. Mimi usingizi ulinipaa. Watu wanalala na watoto wao ndani ya nyumba nilizojenga. Hiyo timazi ninayoning'iniza kila siku inanyoosha nini?

Naomba mnisaidie mambo mawili. Je, anayosema ni kweli? Na la pili: shangazi na wajomba zake wanataka asome famasia, yeye anataka fizikia. Ada nitaipata kwa jasho. Sitaki kumnyima, wala sitaki kumpoteza.

Tr_Tororo:
Shikamoo Mzee. Nafundisha fizikia hapa Tororo, na swali lako limenigusa kuliko mengi niliyoulizwa darasani.

Kijana hajakosea, ila ameishia katikati ya safari. Atomu ina kiini kidogo sana. Kiini kingekuwa punje ya haragwe, atomu nzima ingekuwa na upana wa karibu kilomita moja. Ndiyo maana watu husema ni utupu. Lakini elektroni, chembe nyepesi inayokizunguka kiini, si nzi anayeruka ndani ya chumba kitupu. Imetanda kote humo kama wimbi, hivyo "utupu" ni neno la haraka haraka.

Sasa sikiliza hili, maana linakuhusu wewe mwenyewe. Mwaka 1925 mwanafizikia Wolfgang Pauli alitambua kwamba elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja ileile. Ukiegemea ukuta, elektroni za kiganja chako na za tofali haziwezi kurundikana mahali pamoja, na umeme wake nao husukumana. Mwaka 1967 Freeman Dyson na Andrew Lenard walithibitisha kwa hesabu kwamba kanuni hiyo ndiyo inayozuia vitu visijibomokee ndani. Kwa fizikia ya zamani, elektroni ingepoteza nguvu na kuangukia kiini kufumba na kufumbua. Kwa hiyo ukuta wako umesimama kwa sababu ya kwantumu, yaani fizikia ya chembe ndogo kama hizi. Timazi yako inanyoosha kitu kilichopo, tena kigumu kwelikweli.

NuruYaNdani:
Mzee, kijana wako ameona siri kubwa. Kwantumu imethibitisha kuwa akili ndiyo inayoumba dunia. Ukiangalia, kitu kinatokea. Fikiria utajiri, utakuja.

Tr_Tororo:
Ndugu yangu, hapo nitakupinga, kwa sababu nimeona watu wakitoa pesa zao kwa maneno hayo. "Kupima" katika fizikia hakuhitaji jicho wala mawazo. Ni chembe kugusana na kitu kingine kikabaki na alama yake: hewa, mwanga, sahani ya picha. Tangu mwaka 1970, kwa kazi iliyoanzishwa na Dieter Zeh wa Ujerumani, tumeelewa jinsi mazingira yanavyofuta haraka tabia za ajabu za vitu vikubwa. Ukuta wa Mzee unagongwa na hewa kila sekunde, mara zisizohesabika. Usiku wa manane, bila mtu, uko palepale. Na elektroni inapopimwa, matokeo hayafuati matakwa ya anayepima. Hakuna anayeichagulia.

MamaPacha_Mbale:
Mimi ni nesi, nitagusa kazi na ada tu. Baba, mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, inafanya kazi kwa kwantumu, na hospitali zenye mashine za mionzi zinahitaji wanafizikia wa tiba wa kupima dozi ya mgonjwa wa saratani. Mtu akisema fizikia haina kazi, mwambie hivyo. Famasia ni nzuri pia, lakini mtoto akisukumwa kwenye kozi asiyoitaka, mwaka wa pili anarudia mitihani na wewe unalipa tena.

Kijana_wa_Makerere:
Mwalimu, nimekubali yote isipokuwa sehemu moja. Umemtuliza Mzee, lakini ajabu yenyewe umeipita juu juu. Kijana alisema chembe hazina mahali maalumu kabla ya kupimwa, na hilo ndilo lililowagombanisha wanafizikia wakubwa Einstein na Bohr.

Mzee, chukua jozi ya ndala. Funga moja moja kwenye mfuko bila kuangalia, mmoja upeleke Gulu, mwingine Kabale. Wa Gulu akifungua akakuta ya kushoto, anajua ya Kabale ni ya kulia. Hakuna muujiza, ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Einstein aliamini chembe pacha, yaani mbili zilizotoka pamoja na matokeo yake yanahusiana, nazo ziko hivyo: zina majibu yake tayari, ni sisi tusiojua. Mwaka 1964 John Bell, mwanafizikia wa Ireland ya Kaskazini, akaonyesha kwamba kama ni mambo ya ndala, na kama Gulu haiigusi Kabale papo hapo, matokeo yana kikomo ambacho hayawezi kukivuka. John Clauser akapima mwaka 1972, Alain Aspect mwaka 1982, na mwaka 2015 kikundi cha Delft, Uholanzi, kikapima kwa umbali wa kilomita 1.3 na kuziba mianya mikubwa iliyobaki. Kikomo kilivukwa. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipata Nobeli ya mwaka 2022 kwa kazi hii.

Kwa hiyo picha ya Einstein, majibu tayari ndani ya kila mfuko na umbali unaotenganisha kabisa, haiwezi kusimama yote. Nini kiachwe, ndipo tunapogawanyika. Mimi nafuata Hugh Everett, aliyesema mwaka 1957 kwamba matokeo yote hutokea, kila moja katika tawi lake.

Tr_Tororo:
Nashukuru, umenikosoa kwa haki. Matawi ya Everett siyakubali, nayaona ni gharama kubwa mno kwa swali moja, ila sina jaribio la kukushinda nalo. Hesabu zetu zinatoa jibu lilelile.

Mzee, tafadhali fanya hivi na mwanao. Tafuta kalamu ya leza sokoni, chukua unywele mmoja, uunyooshe mbele ya leza gizani, mwanga uelekee ukutani. Asimulike mtu machoni. Mwaka 1909 G. I. Taylor alifanya jambo la jamaa na hili kule Cambridge kwa sindano na mwanga hafifu mno, hafifu kiasi kwamba picha moja ilichukua karibu miezi mitatu. Mistari ya mwanga na giza, alama ya wimbi, ilitokea vilevile. Mwaka 1989 Akira Tonomura na wenzake Japani walirusha elektroni moja moja: kila moja iliacha nukta moja, na baada ya maelfu, nukta zikajipanga mistari.

Ndugu_wa_Kasese:
Kuhusu shule zaidi: Kigali kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, inashirikiana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia. Wanafundisha shahada ya uzamili. Mwache kijana amalize ya kwanza, njia ipo.

MwashiBusia:
Wandugu, nimerudi. Tumefanya jana usiku, kwenye ukuta nilioupiga plasta mwenyewe. Unywele ni wa mama yake. Nilitegemea kuona kivuli cha unywele, nikaona alama za mwanga zimekatwakatwa kulia na kushoto, giza, mwanga, giza. Nikachukua tepu: kutoka unywele hadi ukuta mita 3, kutoka giza hadi giza karibu sentimita 2.8. Kijana akapiga hesabu kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, akasema unywele una unene wa milimita 0.07. Miaka yote nimepima kwa tepu hii, sijawahi kupima unywele.

Nimewaambia shangazi na wajomba kwamba ataomba fizikia kwanza, famasia ya pili.

Mwalimu, kuna kitu kimenikaa. Kama kila elektroni inakuja peke yake na kuacha nukta moja, inajuaje mahali ambapo haitakiwi kuangukia? Nimemuuliza kijana, akasema, "Baba, hapo ndipo nataka kwenda." Na tukiweka nywele mbili sambamba, tutaona nini?