Mrejesho: Vipaumbele vinavyogongana kwenye makazi ya pamoja

Wadau, niliomba ushauri kuhusu kikundi chetu kinachopanga makazi ya pamoja: kila familia na nyumba yake, jiko kubwa na ua vya wote. Kila kikao kiliishia kwenye ugomvi wa maegesho ya magari.

Tulifuata wazo mlilotupa la kupiga kura kwa vibandiko. Kila mtu alipewa idadi sawa, agawe kwenye mambo yaliyobandikwa ukutani: gharama, maegesho, utulivu, faragha, bustani, watoto kucheza. Sharti ni kuandika chaguo lako kwanza, kabla ya kusogea ukutani, la sivyo wengi wangemfuata msemaji mkubwa. (Tunaye, na anajijua.)

Maegesho yaliambulia vichache mno! Moto ulikuwa kwenye kelele. Dada mmoja alimwaga vyake vyote kwenye utulivu. Badala ya kumbishia, tukamuuliza kwa nini. Kumbe anafanya zamu za usiku, hulala mchana. Watoto hawamsumbui, hofu yake ni dirisha la chumba kutazama uwanja wa michezo. Mchoraji ramani ameshaligeuza.

Gharama bado kizungumkuti. Wenye kipato kidogo hawasemi mbele za watu, kwa hiyo hilo tutalikusanya kwa karatasi zisizo na majina.